Posa ya Mwalimu wa Vitenzi

Biharamulo Mjini,
11 Januari 2025

Mzee Ansbert Ndayisaba,
Bukiriro, Ngara.

Mzee wangu, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima, mimi Danstan Maduhu, mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya hapa Biharamulo, nakuletea barua hii kwa mkono wa mshenga, baba yangu mdogo. Kwa desturi ilipaswa iandikwe na wazee wangu. Walikaa, wakatazamana, wakasema, "Kijana wetu ni mwalimu wa lugha, na baba wa binti ni mwalimu mstaafu wa lugha. Sisi tukishika kalamu tutatia aibu." Basi nimeandika mwenyewe, nao wameiridhia.

Mzee, naomba kumwoa binti yako Priscila. Tulifahamiana mwaka juzi kwenye semina ya mnyauko wa migomba, yeye akiwa mkufunzi kama afisa ugani wa kata yenu, mimi nikiwa nimetumwa na mkuu wangu kwa sababu shule ina shamba. Kuhusu migomba sikuambulia mengi. Kuhusu Priscila nilielewa mapema kwamba ndiye.

Ruhusu sasa niseme kwa lugha inayotuunganisha. Tasnifu yangu ya uzamili niliiandika juu ya muundo wa sentensi ya Kiswahili, na Priscila ameniambia wewe umefundisha sarufi maisha yako yote. Ndoa, Mzee, ni sentensi. Kiini cha sentensi ni kitenzi. Ndicho kinachoamua nani aingie na akae wapi, na nomino huja kukamilisha. Mimi ni kitenzi kilichokaa muda mrefu bila nomino. Priscila ndiye nomino ninayoiomba kwako.

Nasubiri jibu lako jema. Priscila amenionya kwamba hupendi simu, kwa hiyo sitapiga.

Wako mtiifu,
Danstan Maduhu

*

Bukiriro,
20 Januari 2025

Mwalimu Danstan,

Marahaba.

Mshenga wako alifika, akala vizuri, akalala, akaondoka. Yeye hana kosa. Barua nakurudishia. Utaona nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Usidhani ni ubaya, mkono umezoea. Umepata thelathini na nane kati ya mia, na nyingi umezipata kwenye anwani.

Aya ya kwanza unasema "kwa heshima na taadhima." Heshima na taadhima ni kitu kimoja. Mtu anayevaa suruali mbili kuna tundu analolificha. Nikaendelea kusoma nikilitafuta hilo tundu, nikalikuta kwenye aya ya tatu. Nilikaa chini.

Unasema kitenzi ndicho kiini na nomino huja kukamilisha. Bila shaka huko chuoni uliandika pia kwamba katika Kiswahili nomino inaweza kudondoshwa na sentensi ikabaki nzima: "Amelima." "Watakuja." Nyinyi wasomi wa siku hizi mnalipenda sana jambo hilo. Sasa nieleze, kijana. Ikiwa mwanangu ni nomino, siku utakapoamua kumdondosha, nyumba yako nayo itabaki nzima? Umepanda basi la mawazo kutoka Biharamulo hadi Bukiriro kuja kuniomba binti kwa nadharia inayosema humhitaji.

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini kwamba sentensi ina mwenyewe, na mwenyewe ni nomino. Mtoto analia. Kitoto kinalia. Mlango unalia. Tazama kitenzi kinavyobadilisha nguo kila anapobadilika mwenye nyumba. Anayevalishwa sare ndiye mtumishi. Hilo hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani, aliyekuwa akija shule kwa ajili ya uji, alilielewa.

Kuhusu posa, sijakataa na sijakubali. Aliyefeli anaruhusiwa kurudia. Simu ninayo, lakini naiweka kwa taarifa za misiba. Ukitaka kujibu, andika, umpe kondakta wa basi la Ngara, atanifikishia.

Ansbert Ndayisaba
Mwalimu Mstaafu

*

Biharamulo Mjini,
29 Januari 2025

Mzee Ndayisaba,

Shikamoo tena, Mzee wangu.

Wino wako mwekundu nimeusoma wote. Nashukuru kwa kunirudisha utotoni. Ninyi wa rika lenu mlikaririshwa kiima na kiarifu kama katekisimu, na katekisimu haibishaniwi. Lakini kwa kuwa umeniuliza, ni utovu wa adabu kunyamaza.

Chukua kitenzi "pa." Kabla nomino hata moja haijabisha hodi, kitenzi hiki kimeshapanga viti vitatu: cha anayetoa, cha anayepewa na cha kinachotolewa. Chukua "lala", kiti kimoja. Kifanye "laza", viti viwili. Nani kapanga ukumbi? Si nomino. Zenyewe zinaingia na kukuta majina yao yameshabandikwa kwenye viti. Na kuhusu sare, Mzee, umewahi kwenda kwenye harusi za siku hizi? Wanaovaa sare ni kamati, na kamati ndiyo yenye harusi.

Tulitazame na jina lako pia, kwa ruhusa yako. Mimi si Mhangaza kama ninyi, lakini Priscila amenifundisha maana yake. Ndayisaba, yaani "ninamwomba Yeye." Ndani yake hamna nomino hata ya kulamba. Ni kitenzi kitupu kuanzia kichwani hadi miguuni. Umesimama mbele ya ubao zaidi ya miaka thelathini ukikisengenya kitenzi, na kila mwalimu mwenzako alipokuita, kitenzi ndicho kilichoitika. Sikulaumu. Huko kwenu Ngara watu bado wanasema "narara" na "narima". Labda na nadharia huwafikia kwa basi la mwisho.

Posa yangu iko palepale. Namwomba Priscila kwa moyo wote.

Wako mtiifu,
Danstan Maduhu
(Shahada ya Uzamili, Isimu ya Kiswahili)

*

Bukiriro,
5 Februari 2025

Danstan,

Umeandika nini?

Baba aliisoma barua yako mezani, kwa sauti, mara mbili. Mara ya pili alisimama, kama anasoma somo la kwanza kanisani. Alipofika kwenye jina lake alikunja karatasi, akaniuliza kama kuna chai.

Jina hilo alipewa na bibi yangu, ambaye alikuwa amezika watoto wanne kabla hajamzaa yeye. Ndiyo maana alikuwa anaomba. Nilikueleza siku ile kwa sababu ulikuwa unanisikiliza vizuri, nikaona huyu naweza kumwambia vya kwetu. Sikujua unaokota mawe ya kumrushia baba yangu.

Halafu hiyo "narara." Na mimi husema hivyo nikichoka, unajua. Ulikuwa unacheka. Nilidhani unacheka kwa kunipenda.

Sasa nisikilize. Nina miaka thelathini na tatu. Kabla yako walikuja wawili. Mnunuzi wa kahawa alitoka hapa akiwa amesahihishwa matamshi hadi akaomba maji. Mwingine, mhasibu, aliulizwa kirai ni nini, akasema ni mtu asiye na cheo. Hawakurudi. Baba hajawahi kumfukuza mtu. Huwa anawauliza tu maswali. Na mimi kwangu ndoa bila baraka yake siioni. Mama hayupo, ninaye yeye, nami sitatoka nyumba hii kwa kuruka uzio.

Nataka kuolewa na wewe. Naliandika wazi kwa sababu katika kurasa zenu zote sijaona mahali mtu ameniuliza. Basi mwombe radhi, punguza usomi, na unyamaze kidogo. Leo nimeshinda Nyakisasa nikikata migomba yenye mnyauko, ya watu wanaonichukia kwa kuikata. Sina nguvu ya kuja kugombanishwa na nomino nyumbani.

Priscila

*

Bukiriro,
12 Februari 2025

Mwalimu Danstan,

Marahaba.

Barua yako ya pili ni bora kuliko ya kwanza. Matusi yake yana mpangilio. Hamsini na mbili.

Viti vyako vitatu nimeviona. Ni viti vizuri. Nimevitazama wiki nzima nikisubiri mtu aje avikalie, na hakuja, kwa sababu kitenzi hakizai watu. Unaweza kupanga viti hadi uwanja wa mpira ujae. Pasipo na wa kukaa, huo ni ukumbi wa kukodisha, haujawa sherehe.

Na jina langu umelitafsiri sawasawa. Likiitwa, mtu anageuka. Hiyo ndiyo kazi ya nomino, na haijali ilitengenezwa kwa mbao gani. Siku niliyobatizwa padri alimwagia maji mtoto, hakumwagia kitenzi.

Sasa kazi ya nyumbani. "Dalili ya mvua mawingu." Tafuta kitenzi humo. Chukua tochi, ingia taratibu, usije ukajikwaa. Wahenga wako waliisema sentensi hiyo ikaeleweka, na hawakumwomba ruhusa msomi yeyote wa Biharamulo.

Kuhusu "narara." Mama yake Priscila alisema hivyo tangu nilipomwoa hadi alipofariki. Hakuna sentensi aliyoniambia ambayo sikuielewa. Wewe unatamka kila herufi mahali pake, na nimekusoma mara mbili bila kuona unampenda nani.

Nakupa sharti moja. Andika kwa mkono wako, utie sahihi, maneno haya: "Mwenye sentensi ni nomino, na kitenzi ni mtumishi wake." Basi. Sitaki aya, sitaki tanbihi, sitaki marejeo. Ukishaniletea jibu, nami nitaijibu posa yako siku hiyohiyo.

Ansbert Ndayisaba

*

Bukiriro,
13 Februari 2025

Danstan,

Hii nimeitia kwenye basi lilelile lililobeba ya Baba, ili zifike pamoja. Ikiwezekana anza na yangu.

Andika hiyo sentensi.

Najua unavyoiona. Najua utaniambia ni uongo. Mwaka jana kwenye mahafali mkuu wako wa shule alisoma shairi la beti ishirini, na ulimwambia mbele yangu kwamba limekutoa machozi. Ulikuwa unasinzia, nilikuwa nimekaa karibu nawe. Hukuwa unapata chochote kwa uongo huo isipokuwa soda. Sasa mzee mmoja wa Bukiriro, mjane, anataka kusikia kwamba alichofundisha maisha yake yote hakikuwa upuuzi. Mpe. Ukishanioa, fundisha vitenzi vyako hadi koo likauke, nitakupikia uji wa kulainisha.

Sijakuomba nyumba. Sijakuomba harusi ya kamati na sare. Hili ndilo ombi langu la kwanza kwako, na ni la kuandika mstari mmoja, kazi unayoifanya kila siku ya Mungu. Usiniandikie mimi kunieleza. Mwandikie yeye.

Wako,
Priscila

*

Biharamulo Mjini,
21 Februari 2025

Priscila mpenzi,

Ulisema nisikuandikie, lakini lazima unielewe.

Nilishika kalamu. Kweli niliishika. Nikaandika "Mwenye sentensi," na mkono ukakataa. Unalinganisha na shairi la mkuu wa shule, nami nasikitika kwamba huoni tofauti. Shairi la mkuu ni ujinga wake mwenyewe; hii sentensi ni ujinga ninaotakiwa niuite elimu yangu. Tasnifu yangu niliitetea mbele ya maprofesa waliokuwa wanataka kunirarua. Nikitia sahihi maneno ya babako, asubuhi nitaingia na uso gani kidato cha tatu? Nikianza ndoa nikiwa nimepigishwa magoti na baba mkwe, nitasimama lini?

Mwanamke hawezi kumheshimu mume asiye na msimamo. Leo umeudhika, ila iko siku utanishukuru.

Usiogope. Nimemwandikia Mzee kurasa saba. "Dalili ya mvua mawingu" nimeimaliza kwenye ukurasa wa pili: kitenzi kimo, ila kimefichwa, kama moto kwenye jivu. Ukurasa wa tano ndio kiboko chenyewe. Hapo nimeonyesha kwamba hata nomino zake nyingi zimezaliwa na vitenzi: mkulima kwa kulima, mlezi kwa kulea, mwalimu mwenyewe kwa kuelimu... nitalirekebisha hilo la mwisho. Akisoma hapo atakwama. Yeye ni mzee wa zamani, lakini si mjinga, na hoja nzito humwinamisha mtu yeyote.

Nitamshinda, Priscila. Kwa ajili yako.

Wako daima,
Danstan

*

Bukiriro,
28 Februari 2025

Mwalimu Danstan,

Marahaba.

Kurasa zako saba nimezisoma, kisha nikazisoma tena. Ukurasa wa pili ni ujanja wa mganga wa kienyeji: kitu kisipoonekana, unasema kimefichwa. Ukurasa wa tano ni upuuzi ambao haujawahi kuandikwa kwa mwandiko mzuri namna ile, na jibu lake linakuja. "Kuelimu"! Nimecheka peke yangu hadi jirani akaja kuuliza kama naumwa.

Lakini nimeitafuta ile sentensi moja niliyokuagiza, na haimo. Nimegeuza hadi nyuma ya karatasi.

Basi sikiliza. Posa nimeikubali.

Soma tena kama hukuamini. Ungetia sahihi ile sentensi, ningekurudishia karatasi yako kwa basi la siku hiyohiyo, na mshenga wako asingekanyaga tena uwanja wangu. Mtu anayeuza anachokiamini ili apate mke, akishampata atauza nini tena? Nimewapima wengi kwa maswali mepesi wakaanguka. Wewe nilikupima kwa swali zito. Una majivuno, una mdomo, na kuhusu sentensi huelewi kitu kabisa. Ila hukuinama, na mtu wa namna hiyo ndiye ninayeweza kumwachia nyumba yangu.

Mtego huu sikumwambia Priscila, maana angekunong'oneza. Nimemwambia juzi baada ya chakula, na nikamsomea kurasa zote saba. Alisikiliza hadi mwisho bila kusema neno, kisha akakusanya vyombo akaenda kuviosha. Furaha ikizidi huwa hivyo. Mama yake naye alikuwa hivyo.

Leta wazee wako Jumamosi ya tarehe 15 Machi. Itakuwa Kwaresima, kwa hiyo tutazungumza tu na kunywa kidogo. Ndoa baada ya Pasaka. Ndizi za pombe tumeshazifukia shimoni ziive. Na uje na ukurasa wa tano.

Ansbert Ndayisaba

*

Bukiriro,
4 Machi 2025

Danstan,

Usilete wazee.

Baba amekuandikia kwamba nilinyamaza kwa furaha. Nimeiona barua kabla haijaondoka. Alinipa niisome, akiwa na fahari. Sikumbishia. Sijamwona na uso ule tangu Mama afariki. Alikuwa anasoma kurasa zako akipiga meza, akisema, "Msikie huyu! Msikie mpumbavu huyu!" na macho yanang'aa. Mmependana, wewe na yeye. Nawapongeza.

Alinieleza mtego wake kama fundi anayekuonyesha bawaba za mlango. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Hakuwaza kwamba mlango wenyewe ulikuwa ni maisha yangu, na kwamba angekusifu au kukufukuza mimi nikiwa sijui hata kuna mtihani. Na wewe, uliyeambiwa na mimi, kwa maneno machache, kwa Kiswahili sanifu, nini ninachotaka, uliniandikia kwamba iko siku nitakushukuru. Sijui ni nani kati yenu aliyenidharau zaidi. Yeye angalau hakuwa amesikia ombi langu.

Unajiita mtu wa msimamo. Msimamo gani huo unaoshindwa na soda ya mahafali na kusimama wima kwa mwanamke anayekuomba? Uliona mahali ambapo kushindwa hakungekugharimu kitu isipokuwa majivuno, ukaona majivuno ni ghali kuliko mimi. Sawa. Nimejua bei.

Baba anasema ungeandika ile sentensi angekukataa. Namwamini. Angekukataa, na mimi ningepakia nguo zangu na kukufuata Biharamulo siku ileile, hata kama mabasi yote yangekuwa yameondoka. Mimi niliyekwambia siwezi kutoka nyumba hii bila baraka. Sikuwa najua hivyo nilipokuandikia. Nililijua jikoni, nikiosha vyombo, ukurasa wa saba ukiwa umekwisha na sentensi yangu haimo. Nililia hapo, maji yakiwa yanatiririka, ili Baba asisikie.

Ndizi zile nimezifukua, nimewapa wanakwaya. Walifurahi.

Mfundishe yeyote umtakaye kwamba kitenzi ndicho kila kitu. Kwangu ulikuwa na kimoja cha kutenda.

Priscila

*

Bukiriro,
27 Aprili 2025

Mwalimu Danstan,

Barua yako ya kuniomba nimwamuru Priscila nimeipata. Ina aya mbili tu na haina tanbihi. Kumbe unaweza.

Siwezi kumwamuru. Amehama. Wiki ya pili ya Kwaresima alipanga vyumba viwili kwa Ernesta, fundi cherehani, karibu na zahanati. Alichukua godoro, mabuti yake ya shambani na picha ya mama yake. Niliuliza anakwenda kwa kosa gani, akasema, "Hakuna kosa, Baba, mmefaulu wote." Nimelitafakari jibu hilo Kwaresima nzima. Asubuhi anapita hapa kwa pikipiki akienda kwa wakulima. Anasema, "Shikamoo, Baba." Nikimaliza kusema "Marahaba," pikipiki imeshafika kwenye kona.

Pasaka alikuja, akapika, akala nami, akaondoka kabla ya jua kuzama. Nilimwambia kwamba posa niliikubali. Akasema anajua. Nikamwambia naweza kuikataa, kama ndiyo anachotaka. Aliniangalia kwa namna nilivyokuwa nikiwaangalia wanafunzi wasio na matumaini, na akanimiminia chai.

Nimekudharau tangu aya yako ya tatu, na sijaona sababu ya kuacha. Ulipewa kazi ya mstari mmoja na mtu aliyekupenda, ukaandika kurasa saba kwa mtu asiyekupenda. Na mimi niliyetunga mtihani huo ni mpumbavu mwenye uzoefu zaidi yako. Nina uchungu, Danstan. Ugali ninaoupika unabaki mbichi katikati, nami naula hivyohivyo.

Jibu la ukurasa wako wa tano nililianza, nikafika nusu, nikagundua sina wa kumsomea. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikisoma kwa sauti, na kumbe kuna mtu alikuwa anasikiliza huku ananyoosha nguo.

Hapa Bukiriro hakuna mwingine wa kubishana naye. Wengine wote wana kazi. Njoo Jumamosi, ulete hizo karatasi tuzimalize. Basi la kurudi likikuacha, usihangaike kutafuta gesti. Utalala chumba cha Priscila. Hakina mtu.

Ansbert Ndayisaba